Wastani, namba ya kati na modi: kuzikokotoa na kujua ipi uitumie wapi

Chukua daftari la mauzo la duka la mtaani, lile linalouza unga, mchele, sabuni, soda na vocha. Tuseme mwenye duka ameandika mauzo ya siku 10 mfululizo, kwa maelfu ya shilingi:

85, 92, 78, 95, 88, 410, 90, 83, 88, 91

Duka hili linauza shilingi ngapi kwa siku? Ukijibu 120,000 hujakosea. Ukijibu 89,000 hujakosea. Hata 88,000 ina utetezi wake. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi na karibu kila mtu anazimudu. Watu hujikwaa pale wanapochukua jibu la swali moja na kulipeleka kwenye swali jingine, kisha wakakopa, wakaagiza mzigo au wakapanga michango kwa jibu hilo.

Kabla ya kukokotoa, safisha orodha

Hakikisha kila kitu kimeandikwa kwa kipimo kimoja. Usichanganye maelfu na shilingi kamili, wala kilo na debe. Ukiandika siku moja 85 na nyingine 92,000, hakuna fomula itakayokuokoa.

Amua unafanyaje na siku ulizofunga. Siku uliyofunga kwa sababu ya msiba si sawa na siku uliyofungua ukakaa mpaka jioni bila mteja. Hiyo ya pili ni sifuri halali, iandikwe 0. Ile ya kwanza inategemea unachotafuta. Ukitaka kujua duka likifunguliwa huingiza kiasi gani, iache wazi. Ukitaka kujua kama duka linaweza kulipa kodi ya fremu, iingize kama sifuri, kwa sababu mwenye fremu hakupunguzii siku za msiba.

Kisha tazama namba iliyojitenga na wenzake. Hapa ni 410. Usiifute kwa sababu tu inachafua orodha. Uliza kwanza: je, ni 41 iliyoongezwa sifuri? Ni mauzo ya siku mbili yaliyoandikwa pamoja? Kama ni kosa la kuandika, rekebisha. Kama ni kweli, inabaki. Katika mfano wetu ni kweli: kamati ya harusi ilikuja siku hiyo kuchukua mchele, mafuta ya kupikia na kreti za soda.

Wastani

Jumlisha namba zote, kisha gawa kwa idadi yake.

85 + 92 + 78 + 95 + 88 + 410 + 90 + 83 + 88 + 91 = 1,200
1,200 ÷ 10 = 120

Wastani ni 120,000. Maana yake ni kwamba kama mauzo yote ya siku 10 yangekusanywa na kugawiwa kila siku sawasawa, kila siku ingepata 120,000. Haimaanishi kwamba kuna siku iliyouza 120,000. Rudi kwenye orodha uone: siku tisa kati ya kumi hazikufika hata laki moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa namba za sensa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa watu kwa kaya ukawa 4.3. Hakuna kaya yenye watu 4.3, lakini mtu anayepanga mradi wa maji kwa mtaa wa kaya 200 anaweza kuzidisha 200 kwa 4.3 akapata makadirio ya watu 860, na makadirio hayo yakamfaa. Sifa kubwa ya wastani ndiyo hiyo: ukiuzidisha kwa idadi unarudi kwenye jumla. Ndiyo njia pia ya kujikagua. 120 mara 10 ni 1,200. Isiporudi, umekosea mahali.

Namba ya kati

Wengine huiita mediani. Hatua zake ni hizi.

Panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, bila kuacha zilizojirudia:

78, 83, 85, 88, 88, 90, 91, 92, 95, 410

Hesabu ziko ngapi. Zikiwa witiri, ongeza moja kwenye idadi na ugawe kwa mbili. Namba iliyo kwenye nafasi hiyo ndiyo jibu. Zikiwa 7, ni ya nne. Zikiwa 61, ni ya 31. Zikiwa shufwa kama hapa, chukua mbili za katikati, zijumlishe, gawa kwa mbili. Kwa namba 10, za katikati ni ya tano na ya sita: 88 na 90. Jumla yake 178, nusu yake 89.

Kwa hiyo namba ya kati ni 89,000: nusu ya siku zimeuza chini ya hapo na nusu zimeuza juu ya hapo.

Kosa linalorudi kila mwaka kwenye madaftari ya wanafunzi, na kwenye ripoti za watu wazima pia, ni kuruka hatua ya kupanga. Ukienda moja kwa moja kwenye orodha ya awali, ya tano na ya sita ni 88 na 410, nusu ya jumla yake ni 249. Mtu anaandika kwa kujiamini kabisa kwamba namba ya kati ni 249,000, kwenye duka ambalo halikuwahi kukaribia kiasi hicho isipokuwa siku moja.

Sasa angalia namba hii inavyojibeba. Kama kamati ya harusi ingenunua vitu vya milioni mbili, wastani ungeruka mpaka 279,000. Namba ya kati ingebaki 89,000 vilevile, maana inajali nani yuko mbele ya nani, haijali amemwacha kwa umbali gani.

Ipi umpe afisa mikopo?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu hapa fedha hupotea.

Afisa mikopo anakuja dukani na fomu yake.

"Mama, kwa siku mauzo yanafika shilingi ngapi?"

"Siku hazifanani, mwanangu, ila weka tu laki na ishirini."

Anaandika 120,000. Mama hajadanganya, amegawanya daftari lake vizuri kabisa. Tuseme faida yake ni asilimia 15 ya mauzo. Kwa 120,000 ni faida ya 18,000 kwa siku, basi wanakubaliana marejesho ya 15,000 kila siku. Kwenye karatasi inabaki 3,000 ya akiba.

Twende na daftari. Siku tano za kwanza ameuza jumla ya 438,000. Asilimia 15 yake ni 65,700. Marejesho ya siku tano ni 75,000. Kabla kamati ya harusi haijatokea, mama ameshapungukiwa 9,300, na hapo bado watoto hawajala. Siku ya sita inaingia faida ya 61,500 na kuziba pengo lote. Siku nne za mwisho anaanza tena kudidimia taratibu.

Ukijumlisha siku zote 10, faida ni 180,000 na marejesho ni 150,000. Jumla inatosha! Wastani haukusema uongo kuhusu jumla. Lakini makubaliano yalikuwa ya kulipa kila siku, na siku ya kawaida ya duka hili ni ya 89,000, yenye faida ya 13,350. Hiyo haifiki 15,000.

Kwa hiyo kama marejesho ni ya kila siku, zungumza kwa namba ya kati: "Siku ya kawaida nauza elfu themanini na tisa." Kama ni ya mwezi, na wateja wakubwa kama wale wanakuja kila mwezi, wastani unakufaa. Na kama ile harusi ilikuwa ni bahati ya mara moja, usiitegemee hata kwa marejesho ya mwezi. Itoe kwenye hesabu, na useme wazi kwamba umeitoa: siku tisa zilizobaki zina jumla ya 790,000, wastani wake karibu 87,800. Ona jinsi wastani huo ulivyorudi jirani na namba ya kati mara tu ile 410 ilipoondoka.

Kinyume chake pia kina gharama. Mtu akikipenda sana kile 89 akataka kukitumia kila mahali, atazidisha 89,000 kwa siku 10 apate 890,000, na shilingi 310,000 zitakuwa zimeyeyuka. Namba ya kati hairudi kwenye jumla. Ukitaka kukadiria mauzo ghafi ya mwaka kwa ajili ya kodi, au kujua mzigo wa thamani gani ulipita dukani, tumia wastani au jumla yenyewe.

Modi

Modi ni namba iliyojirudia mara nyingi kuliko nyingine. Kwenye daftari la duka ni 88, kwa kuwa imetokea mara mbili na nyingine zote mara moja moja. Kusema kweli, hapo modi haina kazi. Siku mbili kulingana kwa mauzo ni bahati tu, wiki ijayo itakuwa namba nyingine. Modi inapata nguvu pale vitu vinapohesabika kwa aina: saizi, rangi, ladha, mtandao wa simu, siku ya wiki.

Mfano mzuri ni viatu. Tuseme una duka linalouza viatu vya kike na vya kiume, na katika mwezi mmoja umeuza jozi 61:

saizi 37: jozi 8
saizi 38: jozi 15
saizi 39: jozi 9
saizi 40: jozi 4
saizi 41: jozi 7
saizi 42: jozi 13
saizi 43: jozi 5

Modi ni 38. Tazama pia kwamba kuna kilima cha pili kwenye 42, na kati yao kuna bonde kwenye 40. Vilima viwili kwa kawaida ni ishara kwamba umechanganya makundi mawili kwenye orodha moja, na hapa yanajulikana: wanawake na wanaume. Dawa ni kutenganisha orodha na kila kundi kutafutiwa modi yake.

Sasa tafuta wastani wa orodha hii. Namba zikiwa kwenye jedwali la marudio namna hii, usizijumlishe moja moja. Zidisha kila saizi kwa jozi zake, jumlisha majibu, kisha gawa kwa jumla ya jozi:

37 × 8 = 296
38 × 15 = 570
39 × 9 = 351
40 × 4 = 160
41 × 7 = 287
42 × 13 = 546
43 × 5 = 215
Jumla: 2,425
2,425 ÷ 61 = 39.75

Wastani, ukiukaribisha, ni saizi 40. Ndiyo saizi iliyouza kidogo kuliko zote! Mtu akifuata mzigo Kariakoo kwa wastani huu, atarudi na mabegi ya viatu vya kukaa kwenye rafu mpaka sikukuu ijayo. Kosa la pili katika hesabu hiyo, ambalo nimeliona hata kwa watu wenye kalkuleta, ni kujumlisha 37 hadi 43 na kugawa kwa 7. Unapata 40 pia, lakini hukutumia idadi ya jozi hata moja. Ungepata 40 hata kama usingeuza kiatu chochote.

Namba ya kati kwenye jedwali nayo ina njia fupi. Jozi ni 61, kwa hiyo tunatafuta ya 31. Jumlisha kwa kulimbikiza kuanzia juu: saizi 37 inafika jozi ya 8, saizi 38 inafika ya 23, saizi 39 inafika ya 32. Jozi ya 31 imo ndani ya saizi 39, basi namba ya kati ni 39.

Modi inaweza kuwa zaidi ya moja, na inaweza isiwepo kabisa kama hakuna kilichojirudia. Na ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayofanya kazi kwa vitu visivyo na mpangilio wa ukubwa. Ukiuliza wateja wanapenda soda gani, wastani wa soda haupo. Saizi za fulana za S, M, L na XL ziko katikati: unaweza kuzipanga na kupata ya kati, lakini huwezi kuzijumlisha.

Mtego wa kuchukua wastani wa wastani

Umenunua mahindi mara mbili. Mara ya kwanza gunia 10 kwa 60,000 kila moja. Mara ya pili bei imepanda, umechukua gunia 30 kwa 80,000. Gunia limekugharimu kiasi gani kwa wastani?

Haraka haraka mtu anasema 60 na 80, katikati 70,000. Akija mnunuzi wa 73,000 anauza, akihesabu faida ya 3,000 kwa gunia.

Hesabu sahihi inafuata fedha zilizotoka mfukoni. 10 × 60,000 ni 600,000. 30 × 80,000 ni 2,400,000. Jumla 3,000,000, gawa kwa gunia 40: 75,000. Kwa kuuza 73,000 amepoteza 2,000 kila gunia, na kwa gunia 40 ni 80,000 zimekwenda huku akishukuru kwa biashara nzuri. Wanaonunua na kuuza mazao kwa mafungu ya bei tofauti wakumbuke hapa: kila bei ibebe idadi ya gunia zake ndipo igawiwe.

Walimu wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Mkondo A una wanafunzi 60 wenye wastani wa 40, mkondo B una wanafunzi 20 wenye wastani wa 60. Wastani wa kidato si 50. Ni (60 × 40 + 20 × 60) ÷ 80, yaani 3,600 ÷ 80, ambayo ni 45. Mikondo ikiwa na idadi sawa ya wanafunzi, njia ya mkato inakubali. Isipokuwa sawa, inakataa.

Kupanga kiwango cha mchango

Kamati ya watu saba inataka kupanga kima cha mchango kwa kila mwanachama. Kila mmoja anaandika pendekezo kwenye kikaratasi, kwa maelfu: 50, 50, 60, 70, 80, 100, 500. Huyo wa mwisho ana uwezo, au amekuja kuonekana. Wastani ni 910 ÷ 7, yaani 130. Wajumbe sita kati ya saba walipendekeza chini ya hapo, na mtu mmoja amewapandishia wote.

Namba ya kati ni 70. Ukipendekeza kiasi chochote juu ya 70, wajumbe wanne wangetaka kipungue. Ukipendekeza chochote chini yake, wanne wangetaka kiongezwe. Ni kiasi kinachoweza kupita kwa kura bila ugomvi. Zaidi ya hapo, wa 500 angeandika milioni tano, jibu lisingetikisika, kwa hiyo hakuna anayefaidika kwa kutia chumvi.

Hoja hii ina umri. Mwaka 1907 Francis Galton, mwanasayansi wa Uingereza, aliandika kwenye jarida la Nature akitetea namba ya kati kwa mabaraza yanayopaswa kukubaliana kiasi cha fedha, kwa sababu hii hii kwamba wastani unampa nguvu kubwa anayetoa pendekezo la kupitiliza. Wiki moja baadaye akachapisha hesabu za shindano la kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth. Alikuwa na tiketi 787. Namba ya kati ya makisio ilikuwa pauni 1,207. Uzito halisi, kwa mujibu wake, pauni 1,198. Alipoulizwa kuhusu wastani, alisema ni 1,197. Safari hiyo wastani ndio uliokaribia zaidi, tena kwa pauni moja tu. Watu walikuwa wamelipa kiingilio na walitaka kushinda, hivyo waliotaja uzito wa ajabu hawakutosha kuupindisha. Kwenye kamati za michango mambo si hivyo.

Pale wastani na namba ya kati zinapoficha

Nchini Kenya alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hugeuzwa kuwa pointi: A ni 12, C+ ni 7, D- ni 2, E ni 1. Shule hujitangaza kwa wastani wa pointi za watahiniwa wake, na wazazi huzishindanisha kwa desimali. Tuchukue shule mbili za kufikirika zenye watahiniwa 10 kila moja. Ya kwanza, wote wamepata C+. Ya pili, watano wamepata A na watano D-.

Wastani wa shule ya kwanza ni 7. Wa shule ya pili ni (5 × 12 + 5 × 2) ÷ 10, pia 7. Ukikimbilia namba ya kati, nako hupati msaada: ya tano ni 2, ya sita ni 12, nusu ya jumla ni 7. Kwa kuwa C+ ndiyo alama ya chini ya kuingilia shahada ya chuo kikuu, shule ya kwanza imefikisha wote 10 mlangoni na ya pili watano tu. Modi ndiyo inayofichua: shule ya pili ina mbili, 2 na 12, na hakuna mtoto hata mmoja aliye kwenye 7.

Kwa hiyo ukiwa mzazi, ukishapewa wastani, omba pia jedwali la alama: wangapi A, wangapi B, mpaka E. Upande wa Tanzania daraja la kidato cha nne hutokana na jumla ya pointi za masomo saba bora, A ikiwa 1 na F ikiwa 5, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. Wenye watoto wanaosoma pande mbili za mpaka wawe macho wasisome wastani wa huku kwa macho ya kule.

Mvua pia ina tabia hii. Utabiri wa msimu husema mvua itakuwa "wastani hadi chini ya wastani", ikilinganishwa na rekodi za muda mrefu, kwa kawaida za miaka 30. Huo ni msimu mzima kwa jumla. Shamba linaweza kupata milimita zote za wastani kwa mafuriko ya siku tatu kisha jua kali wiki tano, na mahindi yakakauka kwenye mwaka ambao kumbukumbu zitauita wa kawaida. Mkulima anahitaji kujua pia mvua inaanza lini, inakatika lini na vipindi vya ukavu viko wapi.

Kufanya yote haya kwenye simu

Programu za majedwali kama Excel na Google Sheets zinafanya kazi hii bila shida hata kwenye simu ya kawaida. Andika mauzo kwenye safu moja, tuseme B, kuanzia B2 hadi B11. Kwenye kisanduku kitupu andika:

=AVERAGE(B2:B11) kwa wastani
=MEDIAN(B2:B11) kwa namba ya kati
=MODE(B2:B11) kwa modi

Huna haja ya kupanga namba kwanza, MEDIAN inajipangia yenyewe. Kisanduku kilicho wazi hakihesabiwi, lakini chenye 0 kinahesabiwa. Hapa ndipo uamuzi wako kuhusu siku za kufunga unapofanya kazi. MODE ikikuletea #N/A, simu haijaharibika: hakuna namba iliyojirudia. Na kama modi ziko mbili, MODE hukupa moja tu. Kwa ile orodha ya viatu ingetaja 38 na kunyamaza kuhusu kilima cha 42, kwa hiyo hesabu za saizi zitazame kwa macho yako.

Kwa jedwali la marudio, weka saizi kwenye A2 hadi A8 na jozi kwenye B2 hadi B8, kisha:

=SUMPRODUCT(A2:A8,B2:B8)/SUM(B2:B8)

Fomula hiyo hiyo ndiyo ya mahindi: bei upande mmoja, gunia upande wa pili. Simu ikikataa mkato katikati ya fomula, jaribu nukta mkato; inategemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio.

Kitu kimoja cha kwetu kinachoharibu majedwali mengi: usiandike 85,000/= wala Tsh 85,000 ndani ya kisanduku. Ile /= inaigeuza namba kuwa maandishi, na AVERAGE inairuka bila kukuambia. Utaona wastani umetoka, utauamini, kumbe umehesabu siku sita kati ya kumi. Andika 85000 tupu. Kujihakikishia, weka =COUNT(B2:B11) pembeni. Ikisoma 10, siku zote zimehesabika. Ikisoma pungufu na hukuacha kisanduku wazi, tafuta zilizolala upande wa kushoto wa kisanduku: namba halisi kwa kawaida hulala kulia, maandishi hulala kushoto.